Kwa Nini Wahudumu wa Zahanati Hufundishwa Namna ya Kuieleza Chanjo ya HPV

Saratani ya mlango wa kizazi huua wanawake wengi nchini Tanzania kuliko saratani nyingine yoyote. Chanzo chake ni virusi vya HPV, vinavyoambukizwa kwa njia ya kujamiiana. Aina mbili za virusi hivyo, ya 16 na ya 18, husababisha takribani asilimia 70 ya saratani hiyo, na zote mbili hukingwa kwa chanjo.

Chanjo hiyo ilianza kutolewa nchini kote mwaka 2018 kwa wasichana wenye umri wa miaka 14, kwa dozi mbili. Mwaka 2024 ilianza kutolewa dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14, bila malipo.

Hata hivyo, kuwapo kwa chanjo katika jokofu la zahanati hakutoshi. Mzazi wa kijijini anaposikia uvumi, humwendea muuguzi yule yule aliyemzalisha na kumpimia mtoto uzito. Muuguzi akisitasita, binti hurudi nyumbani bila kinga. Nao wahudumu waliohitimu kabla ya mwaka 2018 hawakuikuta chanjo hii katika ratiba ya taifa. Ndiyo maana mafunzo kazini ni ya lazima.

Katika mafunzo hayo, mhudumu hujifunza kwanza kusikiliza hofu ya mzazi bila kumkemea, kisha kuijibu kwa ukweli. Je, chanjo huleta ugumba? La. Haina virusi hai, wala haiathiri uwezo wa kupata mimba. Kinyume chake, hukinga kizazi dhidi ya saratani. Mbona wapewe wangali wadogo? Kwa sababu chanjo hukinga vizuri zaidi kabla ya maambukizi, wala haitibu aliyekwisha kuambukizwa. Mbona dozi zimepunguzwa? Utafiti, ukiwamo uliofanyika Mwanza kwa wasichana wa umri huo huo, umeonesha kuwa dozi moja huujengea mwili kinga ya kudumu, na mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani liliridhia utaratibu huo.

Mhudumu hufundishwa pia kueleza maudhi madogo, kama vile maumivu ya mkono au homa kidogo, na kumketisha binti kwa dakika 15 baada ya sindano, kwani baadhi ya wasichana huzirai kwa hofu.

Wakazi wanahimizwa kuuliza maswali yao katika zahanati ya karibu au kwa mhudumu wa afya ngazi ya jamii kabla ya kufanya uamuzi, na kuitunza kadi ya chanjo ya binti. Akina mama wa miaka 30 hadi 50 nao wanakumbushwa kupima mlango wa kizazi, kwa kuwa dalili za awali za saratani hiyo zikigunduliwa mapema hutibika. Kinga ni bora kuliko tiba.