Baiti 12 Zisizokuwapo

Katika programu iitwayo Mercurial, ambayo kazi yake ni kutunza historia ya maandishi ya programu nyingine, limo faili liitwalo mpatch.c, na katika faili hilo umo mstari mmoja ambao, tangu nilipoonyeshwa huko Lusewa na kijana mwenye desturi ya kusoma yale ambayo wengine huyaruka, umekataa kunitoka moyoni. Mstari huo waamuru kwamba usomaji uendelee maadamu mahali ulipofika ni padogo kuliko urefu wa kiraka uliopunguzwa 11. Juu yake wamewekewa wasomaji wa baadaye maelezo mafupi, ya kwamba hesabu hiyo yahakikisha kuwa zimesalia walau baiti 12. Kumi na moja hapa, kumi na mbili pale, na zote mbili ni sahihi. Na kabla ya Juni 2018, lilipotoka toleo la 4.6.1, ulinzi huo haukuwapo.

Sikwenda Lusewa kwa ajili ya kompyuta. Kata hiyo imo katika Wilaya ya Namtumbo, iliyotolewa ubavuni mwa Songea, wilaya ambayo kwa kusini yapakana na Msumbiji na ambayo watu wake huishi kwa mahindi, tumbaku, ufuta na mbaazi. Nami nilikwenda kuuliza habari za ufuta na mnada wa stakabadhi ghalani, mambo ambayo wasomaji wa ukurasa huu wayajua na ambayo yataandikwa kwa wakati wake. Katika kuuliza nikaelekezwa kwa kijana ambaye, kwa ombi lake, silitaji jina lake, aliyetunga programu ndogo ya kuorodhesha majina ya wakulima na kilo zao kwa ajili ya chama kimoja cha msingi, na ambaye hurejea kwa mama yake kila msimu wa mavuno akiwa na kompyuta mpakato ya mtumba, paneli ya umeme wa jua na kaunta buku lililojaa michoro. Nilimtaka anieleze kilo. Yeye akanieleza viraka.

Wanaoandika programu hawahitaji utangulizi, na wasioandika watatosheka na machache. Maandishi ya programu hubadilika kila siku kwa mikono ya watu wengi walio mbalimbali, na lazima pawe na daftari lionyeshalo nani alibadili nini, lini na kwa sababu gani, ili kilichoharibika kiweze kurudishwa. Mwezi Aprili 2005, wenye BitKeeper walipoiondoa ruhusa ya watengenezaji wa Linux kuitumia programu yao bila malipo, zilizaliwa mbili badala yake katika mwezi huo huo: Git, ya Linus Torvalds, na Mercurial, ya Matt Mackall. Git ndiyo iliyotamalaki, na vijana wetu wengi hawaijui nyingine. Huyu wa Lusewa amebaki na Mercurial kwa kuwa ndiyo aliyofundishwa kwanza, na kwa kuwa, kama asemavyo mwenyewe bila ya haya, humwambia kosa lake kwa maneno anayoyaelewa.

Sasa kiraka. Daftari la namna hii lingejaa upesi lau kila badiliko lingehifadhiwa kwa kunakili maandishi yote upya. Kwa hiyo aghalabu huhifadhiwa tofauti tu, yaani maagizo ya kutoka toleo lililotangulia mpaka toleo lililofuata. Kila agizo lina kichwa cha namba tatu: ya kwanza yasema ni wapi katika maandishi ya zamani pa kuanzia kukata, ya pili ni wapi pa kukomea, na ya tatu ni baiti ngapi za maandishi mapya zitakazotiwa katika pengo hilo, kisha hufuata maandishi mapya yenyewe. Kila namba huchukua baiti 4, na nne mara tatu ni 12. Kijana alinichorea hayo kwa kalamu ya bluu, visanduku 12 katika safu moja, akavigawa kwa mistari miwili aliyoikoleza, halafu akavifunika kwa kiganja vinne vya mwisho na kuniuliza: "Mzee, kiraka kikikatikia hapa, hii namba ya tatu tutaisoma wapi?"

Jibu ni kwamba haisomeki popote, na binadamu mwenye akili timamu angeiweka kalamu chini. Lakini sehemu hii ya Mercurial imeandikwa kwa lugha ya C, iliyobuniwa na Dennis Ritchie huko Bell Labs mapema katika miaka ya 1970, nayo ni lugha isiyomsaili mwandishi wake. Ukiiamuru isome baiti nne kuanzia mahali fulani, itasoma baiti nne, ziwe zako au za jirani. Na kiraka kikiwa kimekwisha, itaendelea mbele katika kumbukumbu ya kompyuta, itakiokota chochote ikikutacho hapo, itakiita namba, na itatenda kwa mujibu wa namba hiyo. Wala kiraka si lazima kiwe kimeandikwa na rafiki. Anayevuta mabadiliko kutoka kwenye seva ya watu wengine hupokea viraka vilivyotungwa na mikono asiyoijua, na mwenye hila aweza kutunga kiraka kilichokatwa makusudi.

"Ni karani wa ghala anayesoma kilo zilizoandikwa kwenye gunia, asilitie mzani," alisema kijana, akitazama nje, ambako magunia yenyewe yalikuwa yamepangwa ukutani. Mfano huo, mbele ya watu wa Lusewa, hauna haja ya tafsiri.

Kuhusu 11 na 12 hakukubali tupite upesi, nami namshukuru. Kompyuta huanza kuhesabu nafasi kwa sifuri. Chukua kiraka chenye baiti 12 kamili, bila ya ziada: msomaji yuko kwenye nafasi ya 0, na sharti ni kwamba nafasi iwe ndogo kuliko urefu uliopunguzwa. Ukipunguza 11 hubaki 1, na sifuri ni ndogo kuliko moja. Basi kichwa kitasomwa, na ni haki kisomwe, maana kimetimia. Ukipunguza 12 hubaki sifuri, na sifuri si ndogo kuliko sifuri. Kiraka halali kitatupwa kana kwamba ni batili. Ukipunguza 10, kiraka chenye baiti 11 kitapenya, na baiti moja itaibwa kwa jirani. Katika nafasi yote iliyopo kati ya dhuluma na wizi, ni namba moja tu iliyo sawa, na mtu fulani alipaswa kuikaa na kuitafakari.

Toleo hilo hilo la 4.6.1 liliziba matundu mengine mawili ya mpatch.c. La kwanza, namba zilikuwa zikijumlishwa na kutolewa bila ya kuangaliwa, ilhali namba ya baiti 4 inayokubali hasi haiwezi kuzidi 2,147,483,647, na ikisukumwa mbele ya hapo aghalabu huanguka upande wa hasi, urefu ukawa pungufu ya sifuri. La pili, agizo liliweza kudai kuanza kukata baada ya mwisho wa maandishi yanayokatwa. Yote matatu yameandikishwa katika orodha ya kimataifa ya kasoro za usalama kwa namba zinazofuatana, CVE-2018-13346, 13347 na 13348. Kinachonisumbua ni kwamba faili hilo hilo lilikuwa limekwisha kufunguliwa na kutengenezwa Machi 2016, katika toleo la 3.7.3, kwa kasoro za jamii hiyo hiyo: rekodi fupi zisizotimia, na kosa la kukadiria ukubwa wa orodha. Waliolifungua walikuwa mafundi hodari wenye nia njema. Je, waliupita mstari huo wakauona mzima? Na fundi aitwaye kuziba tundu moja ana wajibu gani kwa ukuta uliobaki? Nilimuuliza kijana. Alinyamaza kidogo, akafungua ukurasa mwingine wa buku lake, na akaanza habari za alamisho.

Alamisho, katika Mercurial, ni jina fupi lililobandikwa juu ya toleo fulani, nalo husonga mbele lenyewe kila toleo jipya linapowekwa, maadamu ndiyo alamisho inayotumika kwa wakati huo. Iliingia mwaka 2008 ikiwa nyongeza, ikafanywa kiungo cha programu yenyewe katika toleo la 1.8, mwaka 2011. Umbo lake ni dogo la kustaajabisha: katika folda iliyofichwa ya .hg mna faili la maandishi ya kawaida, na kila alamisho ndani yake ni mstari mmoja, wenye herufi na tarakimu 40 za utambulisho wa toleo, nafasi, na jina. Alinifungulia la kwake. Ilikuwamo mistari miwili, ufuta na mbaazi.

Shida huletwa na mtandao. Yeye akiwa Lusewa na mwenzake akiwa Songea mjini, kila mmoja huendelea na kazi peke yake bando linapokwisha au mnara unapolala, na kila mmoja huisogeza alamisho ya ufuta katika njia yake. Siku watakapokutana mtandaoni, ufuta wa kweli ni upi? Programu isiyo na adabu ingeifuta moja na kuinyamazia. Mercurial huiacha ya mwenyeji mahali pake, na ile iliyokuja huiandika kwa jina lenye mkia wa @ na njia iliyotokea, mathalani ufuta@default, ili wenyewe wakae na kuziunganisha. "Haichagui mshindi," alisema, kwa sauti ya mtu anayemsifu kadhi. Yeye aliona kwamba jambo hili ni kubwa kuliko lile la baiti 12. Mimi naona ni jambo moja: kule programu iliamini kitu ambacho hakikuwapo, na huku yakataa kudhani kitu ambacho haikuambiwa.

Wala hayo hayakuachwa yategemee imani. Majaribio ya Mercurial huandikwa katika mafaili yanayoishia kwa .t, na katika lile liitwalo test-bookmarks.t, kama katika ndugu zake, maelezo ya kawaida huanzia ukingoni, amri huanza baada ya nafasi mbili na alama ya dola, na chini ya kila amri huandikwa jibu ambalo programu yatakiwa kulitoa, herufi kwa herufi. Mashine huziendesha amri zote, na jibu likihitilafiana hata kwa nukta, jaribio huanguka. Yamo hata majaribio yanayongoja kukataliwa: hutolewa jina lisilofaa, na jibu linalotarajiwa ni katazo pamoja na namba ya kushindwa katika mabano ya mraba. Ukilisoma faili hilo toka juu hata chini utamwona mtu akiunda alamisho, akiisogeza, akiibadili jina, akijaribu kuifuta isiyokuwapo. Nimepata kusoma miongozo mingi ya vyombo na mitambo, na sikumbuki mmoja ambao maneno yake yalikuwa tayari kuhojiwa na chombo chenyewe.

Kijana ametunga jaribio lake. Kwanza ameliandika katika kaunta buku kwa Kiswahili: wa Lusewa aisogeza ufuta, wa Songea aisogeza ufuta, wa Lusewa avuta, ziwepo mbili. Kisha akaligeuza kuwa amri, folda mbili za kompyuta moja zikijifanya miji miwili. Niliona likipita. Halafu akaondoa kwa makusudi herufi moja katika jibu lililotarajiwa, likaanguka, naye akacheka kwa furaha, maana, kwa kauli yake, jaribio ambalo hajawahi kuliona likianguka halimpi usingizi.

Mtumiaji wa Git asidhani kwamba haya ni ya nyumba ya pili. Tarehe 17 Januari 2023 toleo la Git la 2.39.1 liliziba kasoro mbili za namba kufurika mpaka wake, moja katika usomaji wa faili la .gitattributes na moja katika upangaji wa maandishi ya historia. Nayo si mambo ya mbali na zahanati zetu: takwimu za MTUHA, mfumo wa taarifa za huduma za afya, huingizwa katika DHIS2, programu iliyoasisiwa katika Chuo Kikuu cha Oslo na kushughulikiwa pia na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na maandishi ya programu hiyo leo hutunzwa kwa Git. Wapo wanaotafuta salama katika Rust, lugha isiyokubali kwa kawaida kusoma nje ya mpaka. Baadhi ya sehemu za Mercurial zimeandikwa upya kwa lugha hiyo, na Jujutsu, programu changa zaidi ya kazi hii, imeandikwa kwa Rust, nayo mwaka 2024 iliacha kuyaita majina yake matawi ikayaita alamisho. Rust itamzuia karani asisome gunia la jirani. Haitaamua ufuta ni wa nani. Hilo lataka jaribio, na jaribio lataka mtu wa kulitunga. Chama kile cha msingi humlipa kijana kwa orodha ya kilo. Nani atamlipa kwa jaribio?

Maofisini na vyuoni mwetu zimejaa kompyuta za mtumba ambazo programu zake hazijaguswa tangu ziliponunuliwa. Mwenye Mercurial na aandike hg version, na mwenye Git aandike git --version, asome namba itakayotoka. Na yeyote atakayeona kwamba ya kwake ni ya zamani kuliko 4.6.1 kwa Mercurial au 2.39.1 kwa Git, aiweke mpya kabisa kwanza, ndipo avute mabadiliko ya mtu mwingine.