Video ya Kupamba Iliyokatwa Vipande: Namna ya Kuifungua na Kuihakiki Nyumbani

Siku ya kupamba, kwa ada ya mwambao wetu, simu huachwa mlangoni. Bi harusi hujitokeza mbele ya wanawake wenzake tu, na mpiga picha naye ni mwanamke. Lakini shangazi aliyeko Maskati na dada aliyeko London hawakuwapo, nao huomba waone. Hapo ndipo video ya saa tatu hukatwa vipande ikatumwa, na anayeipokea akajikuta mbele ya faili tisa zenye majina mfano wa harusi.part1.rar na harusi.part2.rar, asijue aanzie wapi. Wengi huchukua flashi wakaenda saiba, wakamwomba kijana awafungulie. Kijana huenda akawa mwaminifu. Hata hivyo nakala imekwisha kuingia katika tarakilishi ya watu.

Kazi yenyewe si ya kumhitaji kijana wa saiba. Programu ya 7-Zip, iliyotolewa na Igor Pavlov mwaka 1999, haina malipo, nayo hufungua aina zote tatu zinazotumika sana: ZIP, RAR na 7z yake yenyewe. Kwenye simu za Android, ZArchiver hufanya vivyo hivyo.

Tufahamu kwanza kwamba video haikukatwa ili ipungue uzito. Imebanwa tangu ndani ya kamera, na kuibana tena hakuipunguzii cha maana. Hukatwa kwa sababu ya ufinyu wa njia: Gmail haitumi kiambatisho kilichozidi megabaiti 25, na flashi iliyoandaliwa kwa mfumo wa FAT32 haibebi faili moja ya gigabaiti 4.

Weka vipande vyote ndani ya folda moja, wala usibadilishe majina. Ukipakua kipande mara mbili, kivinjari hukiongezea alama kama (1) mwishoni mwa jina, na programu haitakitambua tena mpaka uiondoe. Kisha fungua kipande cha kwanza pekee, kile cha part1 au cha 001. Vingine hufuata vyenyewe. Ukikuta ZIP iliyokatwa, bofya ile yenye kiishio cha .zip, ijapokuwa kwa hakika hiyo ndiyo ya mwisho.

Kabla ya kufungua, tazama ukubwa. Kwa kawaida vipande vyote hulingana isipokuwa cha mwisho, ambacho huwa kidogo. Cha nne kikiwa kidogo kuliko cha tatu, basi kilikatikia njiani, kipakue upya. Kipande cha mwisho kikikosekana katika ZIP au 7z, hutapata kitu, maana orodha ya yaliyomo huandikwa mwishoni. RAR ni nafuu kidogo, kwani huweza kukutolea yaliyotangulia.

Sasa uhakiki. Kitufe kilichoandikwa Test ndani ya 7-Zip husoma vipande vyote na kukuambia kama kuna kilichoharibika. Hicho hugundua ajali, hakigundui hila: aliyepachika kitu kibaya kwa makusudi hupita salama. Dawa ya hila ni alama ya SHA-256, ambayo ni mfano wa alama ya kidole: herufi na tarakimu 64 zinazokokotolewa kutokana na faili, na faili ikibadilika hata kidogo, alama nzima hugeuka. 7-Zip huikokotoa ukibofya faili kwa kitufe cha kulia cha kipanya. Mtumaji naye akokotoe yake, kisha akusomee kwa simu, kwa sauti unayoitambua, wala asiiandike katika ujumbe uleule ulioleta faili.

Mzigo usioutarajia, hata ukija kwa jina la jamaa, usiufungue kabla ya kumpigia. Ukishaufungua, soma orodha kwanza. Video huishia na .mp4, picha na .jpg. Ukiona .exe, .scr au .lnk, hiyo si video, hata ikiitwa kupamba.mp4.exe. Windows huficha viishio hivi, basi iamrishe ivionyeshe.

Programu za zamani nazo ni mlango wazi. Mwaka 2023 iligunduliwa kasoro katika WinRAR iliyomwezesha mhalifu kuendesha programu yake pale mtu alipobofya picha tu ndani ya faili. Ilirekebishwa katika toleo la 6.23, Agosti mwaka huohuo, lakini WinRAR haikuwa ikijisasisha yenyewe, na nyumba nyingi zingali na matoleo ya nyuma.

Wengine hushauri kupandisha kila faili katika VirusTotal ikaguliwe. Kwa video ya kupamba ushauri huo haufai hata kidogo, kwa kuwa faili zinazopandishwa hapo hugawiwa kampuni za usalama na wateja wanaolipia. Tafuta hapo kwa ile alama ya SHA-256 pekee. Mkaguzi ataona herufi 64, hataona sura ya mtu. Tovuti zinazojitolea kukufungulia faili mtandaoni ziepuke kwa sababu iyo hiyo.

Nawe ukiwa ndiwe mtumaji, chagua muundo wa 7z, weka nywila ndefu, na utie alama kwenye kisanduku cha kuficha majina ya faili. Bila hivyo yeyote atakayeupata mzigo atasoma majina ya video na picha zote hata asipoweza kuzifungua. Nywila yenyewe mtajie shangazi kwa simu.