Hesabu ya mashine kuukuu: B-52 na matrekta ya Kongwa

DODOMA – Anayetaka kununua lori la mtumba mjini Dodoma huuliza mawili kabla ya kubishania bei: vipuri vinapatikana wapi, na fundi wake ni nani. Jeshi la Anga la Marekani limekuwa likijibu maswali hayohayo tangu mwaka 1955, kuhusu ndege yake ya kudondosha mabomu aina ya B-52.

Kampuni ya Boeing iliunda ndege 744 za aina hiyo, na ya mwisho ilitoka kiwandani mwaka 1962. Zilizobaki kazini ni 76, na mpango ni kuzirusha hadi miaka ya 2050. Rubani wa leo huenda baba yake hakuwa amezaliwa ndege yake ilipokabidhiwa.

Siri haimo katika ugumu wa bati. Ndege zilizostaafishwa zimeegeshwa jangwani Arizona, ambako hewa kavu huchelewesha kutu, na huko ndiko ghala la vipuri. Moja iliyopelekwa huko mwaka 2008 ilifufuliwa ikarudi kazini. Mwaka 2021 Rolls-Royce ilipata mkataba wa injini mpya, nane kwa kila ndege, wenye thamani ya hadi dola bilioni 2.6. Uzee huo, basi, si wa bei rahisi.

Kongwa, mashariki ya Dodoma, iliwahi kuuona upande wa pili wa hesabu hii. Waingereza walipoanzisha mradi wa karanga mwaka 1947, matrekta mapya yalikuwa adimu baada ya vita. Yakanunuliwa mabaki ya jeshi, mengine kutoka maghala ya Wamarekani huko Ufilipino. Hata vifaru vya Sherman viligeuzwa na kampuni ya Vickers kuwa matrekta, yakaitwa Shervick.

Chuma kilikuwa kinene kweli. Lakini mashine nyingi zilifika zikiwa zimechoka, vipuri havikutosha, na mafundi walikuwa wachache. Mizizi ya vichaka ilivunja majembe, na udongo wa Kongwa ukikauka huwa kama saruji. Mwaka huohuo wa 1947 theluthi mbili ya matrekta yalikuwa yameegeshwa, mabovu.

Januari 1951 mradi ulifutwa, na pauni milioni 36 zikaandikwa hasara. Sehemu ya ardhi iliyofyekwa iligeuzwa malisho ya ng'ombe wa nyama, ndiyo Ranchi ya Kongwa.