Kutia Namba Digrii za Uhuru: Mfano wa Ziwa Tanganyika

Mbinu ya elementi zenye kikomo huligawa ziwa katika pembetatu ndogondogo zilizoungana kama macho ya wavu. Mahali pembe zinapokutana huitwa nodi. Hapa tutapaita fundo, neno ambalo wavuvi wa Uvira wanalo tayari. Katika kila fundo kompyuta hutafuta, kwa mfano, thamani tatu: kimo cha uso wa maji, kasi ya kuelekea mashariki na kasi ya kuelekea kaskazini. Kila thamani inayotafutwa ni digrii moja ya uhuru. Istilahi hii haihusu joto wala siasa. "Vigeu huru" pia haifai, maana katika hisabati ina kazi nyingine.

Kwa mbinu hiyo Gourgue, Deleersnijder na White walichapisha mwaka 2007 uchunguzi wa jinsi maji ya tabaka la juu la Tanganyika yanavyobadilishwa na mapya. Pepo za kusini-mashariki, Mei hadi Septemba, husukuma maji ya vuguvugu kuja kaskazini, na kusini maji baridi yenye rutuba hupanda juu; riziki ya wavua ndagala inategemea mwendo huo. Kuufuatilia hudai hesabu zirudiwe maelfu ya mara, na hapo ndipo namba zinapokuwa na uzito.

Kila digrii hupata mstari wake katika matriksi. Namba hazibadili jibu; hubadili kazi ya kulipata. Ziwa hili lina urefu wa kilomita 670 hivi na upana wa wastani wa kilomita 50. Tubuni wavu wa mafundo 10 kwa upana na 100 kwa urefu, yaani digrii 3000. Tukitia namba safu kwa safu, kutoka ufuko wa magharibi hadi wa mashariki, tukishuka polepole kutoka Uvira hadi Mpulungu, mafundo jirani hupishana kwa namba 11 tu, na hakuna thamani isiyo sifuri iliyo zaidi ya hatua 35 kutoka ulalo mkuu. Tukifuata ufuko mzima hadi kusini kisha kurudi kuanza mstari wa pili, hatua huwa 305. Kazi ya kuondoa vigeu hukua kwa kipeo cha pili cha umbali huo: zaidi ya mara 70. Hesabu ya saa moja huwa ya siku tatu, na palipo na umeme wa kukatikakatika haimaliziki.

Kibaya zaidi ni kuorodhesha vimo vyote kwanza, kisha kasi zote, mpangilio upendwao na waandishi wa programu kwa wepesi wake. Hapo umbali hufika 2011. Digrii tatu za fundo moja yafaa zifuatane.

Ziwa halisi, bila shaka, si mstatili. Cuthill na McKee walionyesha mwaka 1969 njia ifaayo: anza na fundo la pembeni, tia namba jirani zake, ukitanguliza wenye majirani wachache, kisha jirani za hao. Kutoka mdomo wa Ruzizi namba husonga kusini kama wimbi. Kwenye rasi ya Ubwari wimbi hugawanyika: sehemu huingia Ghuba ya Burton kuelekea Baraka, sehemu hupita ziwani. Mafundo ya pande hizo mbili hayagusani, lakini namba zao huchanganyika, na ukanda wa matriksi hupanuka hadi ghuba inapokwisha. Mwaka 1971 Alan George aligundua kwamba kugeuza mfuatano huo, wa mwisho akawa wa kwanza, hakupanui ukanda, na mara nyingi hupunguza nafasi zinazojazwa wakati wa kuondoa vigeu.