Shujaa wa Kweli Ana Sentimita Tano

Sinema ya Spider-Man ikionyeshwa kwenye kibanda cha video, najua kesho yake darasani nitaulizwa. Swali linalorudi mara nyingi linahusu genge letu hapa Mtae: "Mwalimu, mtu hawezi kabisa kuruka kutoka huku juu akatua mbuga ya Mkomazi akiwa mzima?" Ni swali la fizikia, na nalijibu kwa sisimizi.

Sisimizi akidondoka kutoka ukingo ule, atafika chini na kuendelea na safari zake. Mtu atakufa. Hewa humzuia anayeanguka kulingana na eneo la mwili wake, ilhali uzito hufuata ujazo. Mpunguze kiumbe urefu mara 10, umbo likibaki lilelile: eneo lake litapungua mara 100, uzito mara 1,000. Galileo aliandika juu ya kanuni hii mwaka 1638, nami huitumia kupima nguvu za mashujaa wa sinema.

Tuanze na kupanda ukuta. Mwaka 2016, David Labonte na wenzake wa Chuo Kikuu cha Cambridge waliwalinganisha wanyama wapandao kuta, kuanzia utitiri hadi mijusi. Mnyama anavyozidi ukubwa, ndivyo sehemu kubwa zaidi ya mwili wake inavyopaswa kunata. Binadamu angehitaji takribani asilimia 40 ya ngozi yake yote. Viganja na nyayo za Spider-Man haziwezi kutosha.

Hata hivyo nguvu za ajabu zipo, na mwenye nazo anaishi katika misitu ya Usambara, wala haishi kwingine popote duniani. Ni kinyonga mdogo ambaye wanasayansi humwita Rhampholeon spinosus. Ukiacha mkia, mwili wake una kama sentimita 5. Mwaka huohuo wa 2016, Christopher Anderson wa Chuo Kikuu cha Brown, Marekani, alitangaza vipimo vya ndimi za spishi 20 za vinyonga. Huyu wetu aliwashinda wote: mchapuko wa ulimi wake ulifikia mara 264 ya ule wa kitu kinachoanguka, na ulimi ukafika mbali mara 2.5 ya urefu wa mwili wake.

Msuli peke yake hauwezi kazi hiyo. Kabla ya kurusha, msuli uliozunguka mfupa wa ulimi hujikaza na kuvuta tishu za kolajeni, kama mtoto avutavyo mpira wa manati. Nishati iliyojikusanya huachiliwa yote kwa mara moja. Ute wa kwenye ncha, mzito mara 400 kuliko mate ya binadamu, humnasa mdudu.

Na udogo ndio unaompa ushindi. Kani ya msuli hufuata unene wake, mzigo hufuata ujazo. Mwili ukipungua, mzigo hupungua haraka kuliko kani. Tena, vinyonga wadogo wana ndimi kubwa kwa kulinganisha na miili yao.

Wengi wetu tumelelewa kumwogopa kinyonga, na wengine humpiga mawe. Huyu yuko hatarini kutoweka, kwa sababu anategemea msitu, na msitu tunaufyeka kwa ajili ya mashamba. Nawaomba wanafunzi wangu, na wazazi wao pia: kinyonga aachwe, na msitu uliobaki usiguswe. Bado tuna mengi ya kujifunza kwake.