Kadi Iko Mfukoni, Namba Zake Ziko Wapi?

Hapa Bukavu, katika mitaa ya Nguba, Muhumba na Nyawera, na kwenye vyumba vya wanafunzi karibu na chuo cha ISP, mtu mwenye kadi ya benki inayolipa mtandaoni hutafutwa sana. Mwanafunzi anataka kulipia mtihani wa Kiingereza. Mwingine anaomba nafasi katika chuo kikuu cha Canada na ada inalipwa kwa kadi peke yake. Mama mwenye duka la nguo ameona mzigo mzuri na muuzaji hapokei M-Pesa. Basi wanamwendea yule mwenye kadi: "Kaka, nisaidie na kadi yako, dola nitakupa mkononi." Naye, kwa moyo mwema, anaipiga picha mbele na nyuma, anaituma kwa WhatsApp, na shughuli inaisha. Ada imelipwa, lakini picha imebaki katika simu mbili, na pengine katika kompyuta ya yule kijana wa kuchapa na kufotokopi aliyejaza fomu.

Tukizungumza juu ya wizi wa kadi hapa Bukavu, wengi huwaza wataalamu wa kompyuta walio nchi za mbali. Wapo, na nitawataja. Ila kwa kadi nyingi za kwetu, hatari ya kwanza ni mzunguko wa namba kati ya watu wanaoaminiana. Kila anayepokea picha ile anaweza kuwa mwaminifu kabisa, na bado simu yake ikaibiwa pale Feu Rouge mjini kesho asubuhi.

Ni vizuri kuelewa namba zile zinafanya nini. Kadi nyingi zina tarakimu 16. Inayoanza na 4 ni ya Visa. Nyingi za Mastercard huanza na 5, na nyingine na 2. Tarakimu nane za mwanzo, zamani sita, zinaitambulisha benki iliyotoa kadi. Ya mwisho kabisa haimhusu mteja: ni ya kukagua hesabu, kwa kanuni aliyoibuni Hans Peter Luhn wa kampuni ya IBM katika miaka ya 1950, ili mashine igundue mara moja kama umekosea kuandika. Ukiondoa hizo, kinachobaki kuwa cha akaunti yako peke yako ni tarakimu saba. Kisha kuna mwezi na mwaka wa kadi kuisha, na nyuma ya kadi tarakimu tatu ndogo.

Zile tatu ndizo ninazotaka msomaji azikumbuke. Ziliwekwa kwa sababu moja: mtu anayenunua kwa mbali athibitishe kwamba kadi yenyewe iko mbele yake. Unapolipa dukani kwa kuchomeka kadi, chipu hutengeneza msimbo mpya kwa kila malipo, kwa hiyo mwizi akiunasa hauna kazi tena. Mtandaoni chipu haisemi neno. Huko tarakimu tatu zinasimama mahali pa kadi nzima, na hazibadiliki mpaka kadi iishe. Ndiyo maana tangu chipu ilipoenea, wezi wa kadi wamehamia mtandaoni kwa wingi. Na ndiyo maana picha ya upande wa nyuma ni hatari kuliko watu wanavyodhani.

Je, tarakimu tatu zinaweza kukisiwa? Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Newcastle, Uingereza, walionyesha kwamba inawezekana. Duka moja la mtandaoni hukuruhusu kukosea mara chache tu kabla ya kukufungia. Wao walisambaza makisio katika maduka mengi kwa wakati mmoja, kila duka likapata majaribio machache yasiyotia shaka. Tarehe ya kuisha haihitaji zaidi ya majaribio 60, kwa kuwa kadi huishi miaka michache tu. Tarakimu tatu hazizidi uwezekano 1,000. Walisema kazi yote inaweza kumalizika kwa sekunde sita. Mtandao wa Mastercard uliyatambua majaribio hayo yaliyotawanyika. Wa Visa wakati huo haukuyatambua.

Somo la utafiti huo kwa mtu wa hapa Ibanda si kukata tamaa. Linamwambia asidharau malipo madogo asiyoyajua. Mwizi aliyepata namba huanza kwa kujaribu kama kadi iko hai: dola moja, pengine pungufu, kwenye duka ambalo hujawahi kulisikia. Mtu anaona ujumbe, anasema "ni makato ya benki tu", anaendelea na kazi. Baada ya siku mbili zinaondoka mia tatu. Ile dola moja ndiyo taarifa uliyopewa mapema. Siku hiyo hiyo kadi ifungwe.

Sasa upande wa muuzaji. Kampuni za kadi zina kanuni za pamoja zinazowabana wote wanaopokea kadi, zilizotolewa mara ya kwanza Desemba 2004; toleo la nne lilitoka Machi 2022. Kati ya masharti yake kuna moja ambalo kila mteja angepaswa kulijua: muuzaji haruhusiwi kuhifadhi tarakimu tatu za nyuma baada ya malipo kuidhinishwa. Si katika kompyuta, si katika daftari. Kwa hiyo wakala wa tiketi za ndege anayekuomba picha ya pande zote mbili "kwa ajili ya faili", au hoteli inayoandika tarakimu zako tatu kwenye karatasi ya mapokezi na kuitunza, wanafanya jambo lililokatazwa. Una haki ya kukataa. Omba wakutumie kiungo cha malipo ujaze mwenyewe, au lipa kwa kadi hapo hapo mbele ya mashine.

Kutohifadhi peke yake hakutoshi. Mwaka 2018 wezi walipenya tovuti ya British Airways wakaweka humo mistari michache ya programu iliyonakili kila kilichoandikwa kwenye ukurasa wa malipo, na kukipeleka kwao wakati mteja anakiandika. Wizi ulianza tarehe 21 Agosti ukaendelea hadi tarehe 5 Septemba. Taarifa za watu zaidi ya 400,000 ziliguswa, na kwa wengi wao tarakimu tatu zilichukuliwa pia. Oktoba 2020 mamlaka ya Uingereza inayolinda taarifa za watu iliitoza kampuni hiyo faini ya pauni milioni 20. Wateja wale hawakukosea popote. Tovuti ilikuwa ya kweli, na alama ya kufuli ilikuwepo juu ya ukurasa. Kufuli ile husema tu kwamba mazungumzo kati yako na tovuti hayasikilizwi njiani. Haisemi uaminifu wa aliye upande wa pili. Tovuti za matapeli nazo zina kufuli siku hizi.

Kutokana na hayo nimefikia msimamo mmoja ninaowahimiza ndugu na majirani waufuate: kwa kuwa huwezi kuhakikisha namba haitavuja kamwe, hakikisha nyuma ya namba hiyo hakuna pesa nyingi. Usilipie mtandaoni kwa kadi ya akaunti inayopokea mshahara wako. Tumia kadi ya kulipia kabla, au kadi isiyo ya plastiki inayoishi ndani ya simu tu, ambayo baadhi ya benki na huduma za pesa za simu huitoa. Ada ni dola 60? Weka dola 60 na makato yake, lipa, iache tupu. Mwizi akiipata namba hiyo mwezi ujao, atajaribu na kukataliwa. Nenosiri refu, programu ya kukagua virusi, vyote ni vizuri, lakini sijaona kinga inayomfaa mtu wa kipato chetu kuliko hii.

Na yule mwenye kadi anayeombwa msaada? Asiache kusaidia, kusaidiana ndiko kunakotuweka mjini hapa. Aketi na mwombaji, ashike kadi yake mwenyewe, ajaze fomu kwa mkono wake na katika simu yake, kisha akatae ukurasa unapouliza kama uhifadhi kadi kwa malipo yajayo. Hali ni hiyo hiyo kwa shangazi aliyeko Brussels au Montréal anayetaka kumlipia mtoto masomo. Atumiwe kiungo cha chuo alipie kutoka kwake, badala ya kutuma picha ya kadi inayopita kwa binamu watatu kabla ya kufika. Kwa picha zilizokwisha kutumwa, zifute pande zote mbili, na kama hujui zimefika wapi, omba kadi nyingine.

Kuna ulinzi mwingine, ule msimbo unaofika kwa ujumbe wa simu wakati wa kulipa. Mfumo wake ulianzishwa na Visa mwaka 2001 na ukaenea kwa kampuni nyingine. Unasaidia sana, lakini usiuegemee peke yake. Ulaya sheria imewalazimisha wauzaji na benki kuthibitisha mteja kwa njia mbili. Katika nchi nyingi nyingine, Marekani ikiwemo, muuzaji anaweza kuchagua kutouliza msimbo wowote. Kadi yako ya Bukavu ikipelekwa kwenye duka kama hilo, namba ya kadi, tarehe yake ya kuisha na tarakimu tatu vinatosha. Matapeli nao wamejifunza kuuomba msimbo kwa mdomo. Anakupigia mtu mwenye sauti ya heshima, anachanganya Kifaransa na Kiswahili, anajiita wa huduma kwa wateja, anasema kuna malipo ya kutilia shaka na umsomee namba iliyoingia sasa hivi. Benki haihitaji kukuuliza msimbo ambao ni yenyewe iliyoutuma. Anayeuomba ndiye anayelipa kwa kadi yako dakika ile. Kata simu.

Msimbo unategemea namba ya simu, na hapa mji wetu una tatizo lake. Waasi wa M23 waliichukua Goma mwishoni mwa Januari 2025, wakaingia Bukavu katikati ya Februari. Benki zilifunga milango. Familia nyingi zilikimbia, wengine hadi Burundi, na katika safari zile simu zilipotea na laini zikaachwa. Laini isiyotumika kwa muda mrefu hufungwa na kampuni ya simu, na namba yake inaweza kupewa mtu mwingine. Kama namba hiyo ndiyo iliyoandikwa kwenye akaunti yako, misimbo yako inafika kwa mgeni. Mwenye laini ya zamani iliyounganishwa na akaunti ya benki aitunze hai, aiwekee pesa kidogo, aitumie mara kwa mara, mpaka atakapoweza kuibadilisha rasmi.

Kipindi hicho pia kilileta kishawishi kipya. Fedha taslimu zilikuwa adimu, makato ya kutoa pesa kwenye kabini za pesa za simu yalipanda, na mtu mwenye akiba benki hakuwa na dirisha la kuiendea. Akitokea mtu akasema, "Nipe kadi na namba ya siri, nitakutolea Rwanda, upande wa pili wa mto Ruzizi, unipe asilimia," njaa ya nyumbani humfanya baba wa familia akubali. Namuelewa. Hata hivyo, kumpa mtu kadi na namba ya siri pamoja ni kumpa akaunti, na benki nyingi zitakataa madai yako baadaye kwa sababu namba ya siri uliitoa mwenyewe. Kama akaunti yako inaruhusu kuhamisha pesa kutoka benki kwenda kwenye simu kupitia programu ya benki, njia hiyo, hata ikiwa na makato, inakuacha ukiwa mwenye mali.

Pesa zikishaondoka, mpangilio wa hatua ni muhimu. Kwanza funga kadi kwenye programu ya benki, kabla ya kumpigia mtu yeyote. Programu nyingi zina kitufe cha kuizuia. Kisha piga picha ya skrini inayoonyesha malipo, tarehe, saa na jina la muuzaji. Halafu andikia benki kwa barua pepe, ili uwe na ushahidi wa siku uliyolalamika, hata kama umeshaongea nao kwa simu. Kanuni za Visa na Mastercard kwa madai mengi zinampa mteja, kupitia benki yake, takriban siku 120, lakini benki yenyewe inaweza kukutaka uwahi zaidi. Usisubiri tawi lifunguliwe. Kongo ina sheria ya mambo ya kidijitali tangu tarehe 13 Machi 2023, inayogusa makosa ya mtandaoni na ulinzi wa taarifa za watu, kwa hiyo malalamiko yako yana msingi hata pale ofisi ya karibu haifanyi kazi.

Kwa benki zenye wateja Bukavu nina ombi la wazi. Mteja asiyeweza kuingia tawini anahitaji njia ya kufunga kadi saa yoyote, njia ya kubadilisha namba ya simu baada ya kuthibitishwa utambulisho wake kwa mbali, na ujumbe kwa kila malipo, hata ya nusu dola, bila kulipishwa ujumbe huo. Zitangaze njia hizo kwa Kiswahili, redioni, kwa sauti ambayo mama wa Panzi na mwanafunzi wa Nyalukemba wataielewa mara moja.