Simu ya "Bure" ya Ndugu Zetu wa Marekani



Mwezi huu tunaongea juu ya jambo lililoleta maneno katika familia nyingi hapa kambini. Mama mmoja jirani yetu alipigiwa simu na mtoto wake aliyehamia Marekani. Mtoto akamwambia, "Mama, tumeacha ile simu ya waya ya nyumbani. Sasa tunatumia ya intaneti, kupiga ni bure." Mama alifurahi sana. Akangoja wiki ya kwanza, ya pili, simu hailii. Akatuambia sisi walimu, "Kama ni bure, mbona hanipigii? Basi amenisahau." Akanuna miezi mitatu.

Jamani, tusinune kabla ya kuelewa. Kifaa chenyewe ni kisanduku kidogo tu. Unakiunganisha na intaneti ya nyumba, halafu unachomeka simu ile ile ya mezani ya zamani. Vipo vya aina nyingi, kama magicJack, iliyoanza kuuzwa mwaka 2007, na Ooma. Watu wanavipenda kwa sababu simu ya waya inalipiwa kila mwezi hata usipopiga. Kisanduku unakinunua mara moja, halafu unalipa ada ndogo ya mwaka, au kodi na ada za kila mwezi.

Sasa hiyo bure ni ya wapi? Ni ya kupiga humo humo Marekani, na kwa vifaa vingine Kanada pia. Akikupigia wewe huku, sauti inapita kwenye intaneti, lakini mwishoni lazima iingie kwenye mtandao wa simu wa Tanzania ndipo ifike kwenye kisimu chako. Mtandao huo unataka kulipwa. Kwa hiyo mtoto wako anakatwa pesa kwa kila dakika. Hakudanganya, ila hakumaliza kueleza.

Kama wewe au jirani ana simu ya kisasa yenye bando, mnaweza kuongea kwa WhatsApp, ambayo ilianza kupiga simu za sauti mwaka 2015. Hapo hamlipi kwa dakika, mnakula bando tu. Kama hakuna, pangeni siku na saa, simu iwe na chaji, na ya muhimu yasemwe kwanza.

Na wewe ukiongea na ndugu yako wa kule, mkumbushe mambo matatu.

Kwanza, namba. Asikate simu ya waya kabla namba yake haijahamishwa kwenye kifaa kipya. Akiikata mapema anaweza kuipoteza. Wengi wetu tuna namba moja tu, imeandikwa kwenye daftari au mlangoni. Ikipotea hiyo, tumepotezana.

Pili, anwani. Tangu mwaka 2005 serikali ya Marekani inazitaka kampuni za simu hizi ziunganishe wateja na 911, namba ya dharura. Lakini msaada unatumwa kwa kufuata anwani aliyoandikisha. Akihama nyumba bila kubadilisha anwani, gari la wagonjwa linaweza kwenda nyumba ya zamani.

Tatu, umeme. Simu ya waya ya zamani mara nyingi ilifanya kazi hata umeme ukikatika. Kisanduku hiki umeme ukienda, au intaneti ikikatika, kinanyamaza. Kwa hiyo awe na simu ya mkononi pembeni.

Yule mama tulimwandikia ujumbe kwa mtoto wake. Kumbe mtoto naye alikuwa anaona aibu kusema hana pesa za dakika. Sasa wanaongea Jumapili moja kwa mwezi, dakika kumi. Mama anasema zinamtosha, maana anajua zinalipiwa.

Tuonane mwezi ujao.

Ni sisi walimu wenu wa kujitolea.